Pumzi ya Wifi Yangu

Jumanne, 2 Julai

Pampu ya kahawia ya pumu, halafu maji mdomoni, sukutua, tema. Kila asubuhi hivyo hivyo. Nesi alisema nisiposukutua ulimi utaota utando mweupe. Basi nasukutua.

Sare za shule zimejaa mezani na shule zinafunguliwa. Nimeshona kola tu. Kiangazi kimekolea, kila gari likipita vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Nafunga dirisha, nafungua dirisha. Nimechoka na dirisha.

Anselmi amehamishia turubai za kahawa mwisho wa kibanja, kule kwenye migomba michanga, ili akigeuza buni vumbi lisinifikie. Majirani wanamcheka. Mwanamume anageuza kahawa peke yake huku mke amekaa kwenye cherehani. Wacheke. Hao hao ndio walionibeba kwa machela mwaka ule pumu iliponiangusha, wakanilaza chali njia nzima, nikawa natazama mawingu nikijua nakufa. Baada ya hapo Anselmi alikwenda nami kliniki, akakaa benchi moja na mimi, akasikiliza kuliko nilivyosikiliza mwenyewe. Sasa koti lake lina pampu ya bluu ya akiba, ile ya kuokoa. Anayo hata kanisani.

Ni mume mzuri. Simwambii, atavimba kichwa.

Alhamisi, 4 Julai

Baba amefariki. Deo amepiga simu kabla ya chai. Mdogo wangu huyu halii ovyo. Leo amelia.

Baba alikuwa mzee, ameugua muda mrefu, tulijua. Kujua hakujasaidia kitu.

Naandika jambo la aibu kwa sababu sina pengine pa kulisema. Kitu cha kwanza nilichowaza si Baba. Niliwaza nyasi. Kwetu Kituntu msiba ni nyasi kavu zimetandazwa nyumba nzima, na binti wa marehemu analala juu yake na wanawake wenzake mpaka matanga yaanuliwe. Uani moto wa wanaume hauzimwi. Nyasi za Julai ni vumbi tupu. Mzazi wangu hajafika kaburini na mimi nafikiria kifua changu. Najichukia.

Ijumaa, 5 Julai

Tumemzika kwenye kibanja chake, kando ya Mama.

Nililia mpaka kifua kikaanza kubana, nikaacha. Hata kulia nimenyimwa.

Nilikaa kwenye kiti, nje, upande ambao moshi hauelekei. Anselmi ndiye aliyepachagua. Shangazi, dada yake Baba, alinipita mara kadhaa bila kusema neno. Yeye ndiye mwenye mila za ukoo mzima. Akinyamaza ujue anapanga jambo.

Mwenye nyumba sasa ni Leokadia, mke wa Deo. Sijawahi kumpenda wifi yangu huyu. Anaanza kupika, katikati anatoka jikoni, anapotelea migombani, chakula kinaungua, wageni wanasubiri. Miaka yote hivyo. Na leo pia, msibani kwa baba mkwe wake. Nimemwona amekaa peke yake nyuma ya choo, hana habari. Uvivu wa namna hiyo unahitaji moyo mgumu.

Jumapili, 7 Julai

Nipo hai. Naandika polepole, dawa inatetemesha mkono.

Jana jioni walitandaza nyasi mpya. Shangazi akaja akasimama mbele ya kiti changu, watu wakitazama. "Baba yako alikuzaa juu ya kiti? Ingia ukae na wenzako. Binti anayelala nje ya nyasi za baba yake anamfukuza marehemu." Wote wananisubiri. Anselmi alikuwa amempeleka katekista kwake kwa pikipiki. Nikaingia. Aibu ilinishinda kuliko woga, huo ndio ukweli.

Haikuchukua muda. Kifua kikafunga. Wakafanya yote yasiyotakiwa. Wakanilaza chali. Wakanifunika vitenge. Wakafunga mlango nisipigwe na baridi. Wakanizunguka wakisali, wamebanana, na mimi katikati natafuta hewa. Deo akachukua pampu kwenye mkoba wangu, akanipulizia kifuani juu ya nguo, kisha puani, kama anafukuza mbu. Nilitaka kumwambia. Sikuwa na pumzi ya neno moja. Mtu akasema mwacheni, dawa hiyo ni ya wanaokufa, ukishaizoea mapafu yanakuwa mavivu.

Nilijua nakufa. Nilikasirika zaidi ya kuogopa. Kufa mbele ya dawa yangu mwenyewe.

Halafu Leokadia. Alimsukuma Shangazi kwa kiwiko, sikuota. Akafungua mlango. Akaniketisha, akaniinamisha mbele, viwiko magotini. Akatoboa kitako cha chupa ya maji kwa kisu, akaitikisa pampu, akaichomeka pale, shingo ya chupa akanitia mdomoni. Akabonyeza. Vuta polepole. Tena. Akasubiri, akabonyeza tena. Hakubabaika. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi ile.

Anselmi aliporudi nilikuwa nje, nimeegemea ukuta. Shangazi alikuwa anawaambia watu kwamba maombi yamejibiwa.

Jumatatu, 8 Julai

Matanga yameanuliwa. Nyasi zimechomwa, nikiwa mbali. Nilimfuata Leokadia migombani nikamuuliza alijifunzia wapi.

Ana pumu tangu usichana wake.

Pampu anaificha kwenye debe la maharage. Hununua duka la dawa akienda kwao Kyerwa kusalimia, na haendi mara nyingi. Wakati wa kuchumbiwa, mshenga wetu alikwenda kuuliza habari za ukoo wao, kama ilivyo desturi: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna pumu? Wazazi wake wakajibu hakuna. Ndoa ilifungwa juu ya jibu hilo. Deo hajui mpaka leo. Moshi ukimzidi jikoni anatoka, anajificha mpaka kifua kilegee, kisha anarudi kusemwa. Bora kuitwa mvivu, aliniambia. Mvivu harudishwi kwao.

Na aliyemwita mvivu kuliko wote ni mimi. Nilimsimulia kila aliyekuwa na masikio. Mimi, mwenye kifua kama chake.

Pampu yake imekwisha. Nimempa ile ya kwenye koti la Anselmi. Akanishika mkono. "Wifi, usimwambie Deo." Nikasema sawa.

Jumatano, 10 Julai

Tumerudi nyumbani Kihanga. Kimya. Cherehani.

Jiko letu halina kuta, nguzo na bati tu. Anselmi alilijenga hivyo baada ya nesi kumweleza habari ya moshi. Nimelizoea mpaka nililisahau. Leokadia anapikia kwenye kile chumba cheusi alichopikia Mama. Mama alikohoa miaka yote mle ndani. Tulisema ni uzee. Alikuwa hajazeeka.

Nimelia kidogo. Kwa kiasi.

Jumatano, 24 Julai

Siku ya kliniki. Wagonjwa wa pumu tunakaa duara, kila mmoja anaonyesha anavyovuta dawa, wengine wanamkosoa. Mzee mmoja wa Rugu ameivaa pampu shingoni kama rozari na hajawahi kuitikisa hata siku moja. Tumemcheka, naye akajicheka. Ni mahali pekee ninapocheka habari za kifua changu.

Nilimpigia Leokadia aje mwezi ujao. Amekataa. Kutoka nyumbani lazima aage, na akiaga ataulizwa anakwenda wapi. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Neno, pumziko, neno. Nikamuuliza dawa niliyompa imebaki? Akasema anaibania.

Dawa ya kuokoa haibaniwi. Nilimwambia hivyo. Akakata simu.

Jumamosi, 27 Julai

Siku mbaya.

Leokadia ameanguka kwenye turubai la kahawa. Wamempeleka zahanati, wakampa mvuke wa dawa, wakamrudisha. Deo kapiga simu amechanganyikiwa. Mkewe hasemi anaumwa nini, karatasi ya zahanati ameichana. Shangazi anasema ni msiba umemvaa, kwa sababu alimsukuma mkubwa juu ya nyasi za marehemu. Jumatatu wanampeleka kwa mtu wa kumfukiza. Wanamfunika blanketi na majani yanayofuka moshi mpaka atapike kilichomwingia.

Blanketi na moshi. Atakufa mle ndani, nao watasema kilichomwingia kilikuwa kikubwa.

Nilimpigia yeye kwanza. Simu imezimwa. Nikampigia tena na tena.

Nikamwambia Deo. Yote. Pumu, debe la maharage, migombani. Nikamwambia si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, mtu anaishi nao, nitazame mimi. Nikamwambia jenga jiko la wazi, nenda naye kliniki, ukae naye benchi. Niliongea kama nesi. Deo akasema, "Asante, Dada." Nikadhani ameelewa.

Niliahidi nisiseme. Nimesema. Ningefanya nini kingine.

Jumatatu, 29 Julai

Hawakumfukiza. Wamemrudisha kwao.

Ukoo uliketi jana. Shangazi akasema tulidanganywa tangu mshenga, na ndoa ya uongo haina mtu ndani yake. Deo akakaa anatazama chini. Leo asubuhi kampandisha Leokadia kwenye pikipiki na begi moja. Watoto wamebaki. Watoto ni wa ukoo.

Ameniambia yote haya kwa simu, kwa utulivu, kana kwamba nitamsifu. Nilimtukana. Tusi ambalo sijawahi kulitamka kwa mtu wa tumbo moja na mimi.

Alhamisi, 1 Agosti

Sijashona.

Leokadia hapokei simu. Ana haki.

Anselmi anasema nilimwokoa na moshi. Labda. Nikamwambia nimemtoa kwenye moshi nikamtia kwenye moto, asinisemeshe. Amenipikia uji. Sikunywa.

Mimi nina mume, nesi, kikundi, jiko lisilo na kuta. Nikadhani ukweli ukisemwa utafanya kazi kwa kila mtu kama ulivyofanya kwangu. Ujinga wangu ni huo. Kwangu haukuwa ukweli peke yake, alikuwepo Anselmi.

Jumapili, 4 Agosti

Sikwenda misa. Vumbi. Uongo, si vumbi. Sikutaka kuombewa amani.

Jumamosi, 10 Agosti

Nilikwenda Kituntu kugombana. Sikugombana.

Shangazi amehamia pale, ndiye anayepika. Watoto wanakaa naye jikoni kwa sababu anawasimulia hadithi. Mlango umerudishwa, moshi umejaa mpaka magotini. Alinda, mdogo, ana miaka mitano. Anakohoa. Kikohozi kikavu kisichokwisha, na mwishoni mluzi mdogo kifuani. Naujua mluzi huo. Nimeuishi.

Nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye ngazi. Nikamwita Deo aweke sikio mgongoni kwa mtoto. Aliweka. Akasema ni mafua. Shangazi akasema ni minyoo, na anamlilia mama. Nikamwambia Deo ampeleke zahanati. "Mtoto mdogo hivi nimzoeshe pampu? Akaolewe na nani?"

Akaolewe na nani. Mtoto wa miaka mitano, meno ya utoto bado yote yamo.

Nimerudi mikono mitupu. Hakuna mtu katika nyumba ile anayejua cha kufanya kifua cha Alinda kikifunga. Aliyekuwa anajua nimemwondosha mimi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda Kyerwa. Nilibadilisha gari Omurushaka, kitambaa puani njia nzima, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kwao ni mbele kidogo ya Nkwenda.

Nilijiandaa kufukuzwa. Mama yake alinikaribisha, akanipa maji ya kunawa, akaniwekea kigoda chini ya paa la nje wanakopikia. Leokadia alikuwa anamenya ndizi. Nikachukua kisu nikamenya pamoja naye. Hakunitazama.

Amenenepa kidogo. Bega halipandi anapovuta hewa. Mama yake anamwashia moto yeye, naye anakaa mbali na kumenya tu. Duka la dawa lipo karibu. Pampu iliwekwa juu ya meza, wazi, kando ya chumvi. Nimeikodolea macho pampu ile.

Nikamwomba radhi. Ndizi zikaisha kwenye mkungu, akavuta mwingine.

Hatimaye akasema, "Deo asijue kwamba nina nafuu. Akijua atakuja kunichukua." Akasema hajawahi kulala hivi tangu aolewe. Akasema watoto anawakumbuka mpaka ziwa linauma, ingawa halina maziwa tena.

Akauliza wote hawajambo? Nikasema hawajambo.

Na Alinda?

Nilikusudia kusema hajambo. Njia nzima nilijifunza kulisema. Nikinyamaza, huyu anapona na yule mtoto anabaki peke yake. Nikisema, anarudi kwenye chumba cheusi. Nilikaa na ganda mkononi.

"Ni usiku tu," akauliza, "au na mchana pia?"

Na mchana, nikasema.

Akaweka kisu chini. Akanawa. Akaingia ndani, nikasikia zipu ya begi. Mama yake akaanza kulia bila sauti, akageukia moto ili nisimwone. Nimefika kwake mara mbili katika maisha yangu, siku ya harusi na leo, na mara zote mbili nimemchukulia binti.

Ijumaa, 16 Agosti

Hakuna habari. Jana sikukuu ya Mama Maria, nikawasha mshumaa kwa ajili yake na nikautoa nje kwa sababu ya moshi. Mungu anaelewa.

Naogopa. Kila simu ikilia naona nyasi.

Jumatatu, 19 Agosti

Deo kapiga simu kulalamika.

Anasema Leokadia alishuka kwenye pikipiki, akamwita Alinda, akamweka pajani, akakaa juu ya begi katikati ya ua. Akamvutisha dawa kwa chupa pale pale, mbele ya kila mtu. Shangazi akasema aondoke. Hakuondoka. Akasema haingii ndani, na mtoto haingii ndani, mpaka ukuta wa jiko wa upande wa migomba uvunjwe. Si dirisha. Ukuta. Majirani wakaja kuangalia, wengine wakaleta vigoda. Katekista naye akaja, akaambiwa na Leokadia, kwa heshima, asali akiwa amesimama mbali kidogo ili mtoto apate hewa.

Deo alikwenda kibanjani, akarudi. Bado amekaa. Jua likapanda. Alinda akalala pajani, na Deo akasema ndipo aliposikia. Mtoto amelala na kifua hakipigi mluzi. Hakujua kwamba mtoto anaweza kulala bila sauti ile. Alidhani ndivyo watoto wanavyolala.

Akachukua jembe akabomoa ukuta wa jiko la Mama. Shangazi amefunga mzigo amerudi kwake, anasema nyumba ya kaka yake imekuwa kibanda cha sokoni.

Deo anataka nimwonee huruma. Anasema amempokea kwa sababu ya watoto tu. Anasema hawaongei. Anasema aibu aliyopata haina jina. Nilimsikiliza. Sikumtukana. Sikumwonea huruma pia.

Nimempigia Leokadia. Hapokei.

Jumanne, 27 Agosti

Mawingu leo, ya kwanza tangu Mei. Hayajaleta kitu. Nimemaliza sare, nimebakiza vifungo.

Deo amepiga tena. Ametoka kliniki na Alinda na mama yake. Hakusema alikaa benchi au alisimama nje, nami sikuuliza. Alikuwa na swali moja: ile chupa ya kuvutia dawa inaoshwa kwa sabuni, au maji matupu? Nikamwambia sabuni kidogo, usiifute na kitambaa, iache ikauke yenyewe. Akarudia maneno yangu polepole, nadhani ili yamkae kichwani.

Nyuma yake Leokadia alikuwa anamgombeza mtu, mtoto au kuku, sikuelewa. Habari ya ndoo, na matope, na nani aliyeiacha njiani, na mara ngapi amesema, na kesho atamwambia nani. Maneno mengi marefu, yamefuatana, hakupumzika katikati.

Deo akauliza nimpe simu muongee? Nikasema hapana, mwache amalize.